Kupunguza bitireti bila kuiharibu video ya harusi

Kila msimu wa harusi ukipamba moto, napata maswali yale yale. "Kaka, video ina GB 16, naitumaje?" "Nimeibana ikawa ndogo, sasa nyuso hazitambuliki." "Mbona sauti imekuwa kama mtu anaongea ndani ya pipa?" Nimechoka kumjibu mmoja mmoja, kwa hiyo nimeandika hapa mara moja. Mfano ni harusi ya dakika 90 iliyorekodiwa 1080p (picha ya nukta 1,920 kwa 1,080), na wewe unataka kuwatumia ndugu walio mbali. Ukiimudu hii, ya mahafali au mechi ya mtaani haitakusumbua.

Bitireti, kwa ufupi

Bitireti ni kiasi cha data kinachotumika kwa kila sekunde ya picha au sauti. Huandikwa kbps, yaani kilobiti kwa sekunde, au Mbps, megabiti kwa sekunde. Kbps 1,000 ni Mbps 1.

Ifikirie kama donge la unga wa chapati. Donge ni lile lile. Ukilisukuma liwe chapati kubwa zaidi, linakuwa jembamba, na mwisho linatoboka. Picha kubwa kwa bitireti ndogo ndiyo chapati iliyotoboka.

Picha ya 1080p yenye fremu (picha moja moja zinazounda video) 25 kwa sekunde, kama isingebanwa kabisa, ingekula takriban Mbps 1,240. Kamera yako labda inairekodi kwa Mbps 24 au chini ya hapo. Maana yake sehemu kubwa ya data imeshatupwa tangu ndani ya kamera, na hujaona tofauti kwa sababu kilichotupwa ni kile ambacho jicho halikifuatilii. Ukizidi kushusha, inafika mahali programu haina tena cha kutupa isipokuwa vile unavyoviona. Shughuli yote hapa chini ni kupajua mahali hapo na kusimama kabla yake. Nadharia imetosha.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Faili asili lililotoka kwenye kamera au kwenye programu ya kuhariri. Lile ulilotumiwa na mtu kwa WhatsApp halifai.
- Kompyuta. Hata laptopu ya zamani inaweza, ila utaiacha ifanye kazi usiku kucha.
- HandBrake, programu ya bure ya Windows, Mac na Linux.
- VLC ya kuangalia matokeo.
- Nafasi ya kutosha kwenye diski. Faili jipya halilifuti la zamani, yatakaa yote mawili.
- Hedifoni. Spika za laptopu zitakudanganya kuhusu sauti.
- Kikokotoo, hata cha kwenye simu.

Kuna programu za simu zinazofanya kazi hii, lakini nyingi zinakupa vitufe vya "ndogo", "wastani" na "kubwa" bila kukuambia namba. Bila namba unabahatisha tu.

Hatua

1. Nakili faili asili kwenye diski nyingine

Fanya hivi kabla ya kugusa chochote. Kilichotupwa wakati wa kubana hakirudi. Kuna watu hunipigia wakiuliza kama wakiipandisha bitireti kutoka 800 kwenda 8,000 video itasafika. Haisafiki. Unapata faili zito mara kumi lenye ukungu ule ule.

2. Angalia faili lina nini

Fungua video kwenye VLC, bonyeza Ctrl na J kwa pamoja. Andika kodeki, yaani mbinu iliyotumika kubana (mara nyingi H.264 au H.265), ukubwa wa picha, idadi ya fremu kwa sekunde, na kodeki ya sauti. Kujua bitireti ya jumla, chukua ukubwa wa faili kwa megabaiti, zidisha kwa 8, gawa kwa sekunde. Harusi yetu: MB 16,200 mara 8, gawa kwa sekunde 5,400, inakuja Mbps 24.

Angalizo: b ndogo ni biti, B kubwa ni baiti, na baiti moja ni biti 8. Wengi wanaokosea hesabu hukosea hapa, na makosa yake ni ya mara nane.

3. Amua inakwenda wapi, kisha piga hesabu

Swali la kwanza ni faili litapita wapi, maana kila njia ina mlango wake. Gmail haipitishi kiambatisho kinachozidi MB 25, kwa hiyo harusi nzima isahau huko. WhatsApp inapokea faili la hadi GB 2 likitumwa kama waraka. Flashi iliyofomatiwa kwa FAT32 haipokei faili moja la zaidi ya GB 4, hata kama flashi yenyewe ni ya GB 64. Na kama inakwenda YouTube, usihangaike kuibana sana, kwa sababu wao wataibana tena kwa namna yao. Wanashauri upandishe 1080p ya fremu 24 hadi 30 kwa Mbps 8, basi wape hiyo.

Sisi tunakwenda WhatsApp, mlango wetu ni GB 2:

MB 2,000 × 8 ÷ sekunde 5,400 = Mbps 2.96, yaani kbps 2,960 kwa picha na sauti pamoja.

Toa kbps 128 za sauti, acha na akiba kidogo. Picha ipewe kbps 2,700. Jumla ni 2,828, na faili litatoka na takriban GB 1.9. Usijaze mpaka ukingoni. Ikizidi kidogo tu utarudia kazi ya usiku mzima.

4. Punguza ukubwa wa picha kabla ya kuikamua bitireti

Hapa ndipo watu wengi wanapoharibu, na mimi nilikuwa mmojawapo. Mwanzoni mwa kazi hii nilibana harusi ya saa mbili kwa kbps 600, picha nikaiacha 1080p, ili tu iingie kwenye flashi iliyobaki na nafasi ya MB 600. Flashi ikabebwa na msafiri mpaka Muscat kwa shangazi yake bwana harusi. Siku mbili baadaye simu ikalia. "Mwanangu, bi harusi ni yupi hapa? Mbona wote nyuso zimefutwa?" Sikuwa na jibu, nikamwambia tu, "Shangazi, nisamehe, nakutumia nyingine."

Kosa halikuwa zile kbps 600 peke yake. Fremu ya 1080p ina pikseli (zile nukta za picha) milioni 2.07, ya 720p ina pikseli 921,600. Kubwa inazidi ndogo mara 2.25. Ukizipa bitireti ile ile, kila pikseli ya 720p inapata mgao wa mara 2.25 zaidi. Kwa kbps 2,700 na fremu 25, pikseli ya 1080p inapata biti 0.05, ya 720p inapata karibu biti 0.12. Kwa H.264 kwenye ukumbi wenye watu wanaocheza, ninapoona mgao uko karibu na 0.1 nalala usingizi. Ukishuka hadi 0.05 najua kesho nitapigiwa simu. Na kwenye kioo cha simu, nani atatofautisha 720p na 1080p?

Kwenye HandBrake, fungua faili, nenda sehemu ya "Dimensions", chagua kikomo cha 720p. Kama ulirekodi fremu 50 au 60 kwa sekunde, shusha ziwe 25 au 30. Kwa harusi hazina kazi.

5. Chagua kodeki

H.264 ni ya mwaka 2003 na inasomeka karibu kila mahali: simu za bei nafuu, kompyuta, na televisheni nyingi. H.265 ni ya 2013, inatoa ubora unaokaribiana na huo kwa takriban nusu ya bitireti. Ukitaka ushahidi, ingia kwenye mipangilio ya kamera ya iPhone: dakika moja ya 1080p fremu 30 inaandikwa takriban MB 60 kwa H.265, na MB 130 kwa H.264.

Sasa kwa nini nisikwambie utumie H.265 tu? Kwa sababu bibi kijijini ana televisheni ya zamani, na video nzuri isiyofunguka haina faida kuliko video ya wastani inayofunguka. Kama hujui itachezwa kwenye chombo gani, kaa na H.264. Kwenye sehemu ya "Video" chagua H.264 (x264).

Orodha hiyo pia ina kodeki zenye majina kama NVENC au QSV. Hizo zinatumia kadi ya picha, zina mbio sana, lakini kwa bitireti ndogo x264 ya polepole kwa kawaida inatoa picha safi zaidi. Kama hukimbizwi, nenda polepole.

6. Weka bitireti, kisha jaribu dakika moja tu

Kwenye sehemu hiyo hiyo ya "Video", chagua "Avg Bitrate", andika 2700, na uweke alama kwenye "Multi-Pass Encoding" (matoleo ya zamani yanaiita "2-Pass"). Kwa njia hii programu inaipitia video mara mbili. Mara ya kwanza inaangalia wapi pagumu na wapi pepesi, mara ya pili inagawa unga kwa haki: hotuba ya mjomba inapewa kidogo, ngoma inapewa kingi.

Kama hubanwi na kikomo cha ukubwa, achana na hesabu zote hizi. Tumia "Constant Quality" na uweke RF (namba ya ubora) kati ya 19 na 23 kwa 720p, au 20 na 24 kwa 1080p. Programu itatumia bitireti inayohitajika kulinda ubora huo. Kumbuka namba inakwenda kinyume: ikipanda, ubora unashuka. Ukiongeza 6 hivi, faili linapungua karibu nusu.

Sasa usibonyeze kuanza kwa video nzima. Juu, pale penye kuchagua sura ("Chapters"), badilisha iwe sekunde ("Seconds"), uchague dakika moja. Na dakika yenyewe iwe ngumu. Anayejaribu kwa kipande cha shehe akisoma hotuba ya ndoa anajidanganya. Pale kamera imetulia na kinachosogea ni midomo. Chukua pale bi harusi anapoingia, taa zinazunguka, watu wanarusha maua na karatasi za kumetameta.

Tofauti inatokana na jinsi kodeki inavyofanya kazi. Haihifadhi kila fremu nzima. Inahifadhi moja nzima, halafu zinazofuata inaandika kilichobadilika tu. Ukuta uliotulia hauna gharama. Karatasi mia zinazoanguka, kila moja upande wake, kila fremu ni habari mpya. Ni vivyo hivyo kwa mvua, mawimbi ya bahari, na kamera inayotikisika mkononi. Ndiyo maana mpiga picha mwenye standi anakupa faili jepesi kubanika kuliko anayekimbia nayo.

7. Itazame hiyo dakika kama adui yako

Ifungue kwa kioo kizima, itazame mara tatu, kila mara ukiangalia kitu kimoja.

Mara ya kwanza angalia nguo. Shanga za gauni, nakshi za kanga, darizi za kofia. Bitireti ikiwa ndogo, nakshi inayeyuka mtu anapotembea na kurudi anaposimama. Simamisha picha katikati ya mwendo. Ukiona vimraba kama vigae vya sakafuni, umeshusha mno.

Mara ya pili angalia nyuso za karibu na ukuta wa nyuma. Ngozi inakuwa laini kama nta, vinyweleo na hina vinapotea. Kwenye ukuta wenye mwanga wa taa ya rangi, badala ya rangi kufifia taratibu, unaona ngazi ngazi. Giza la ukumbini ndilo linaloumia zaidi, maana programu inaliona halina thamani.

Mara ya tatu angalia mahali picha inapokatwa kwenda nyingine. Kama kila baada ya mkato kuna nusu sekunde ya ukungu ndipo picha inakaa sawa, unga haujatosha.

Ukipata moja kati ya hayo, rudi hatua ya 4 ushushe hadi 480p, au gawa harusi iwe mafaili mawili: nikahi peke yake, sherehe peke yake. Mimi napenda ya pili. Kila faili linapata GB 2 zake, na anayetaka kuona nikahi tu hapotezi bando kwa mengine.

8. Sauti usiibane kwa tamaa

Tupige hesabu. Ukiishusha sauti kutoka kbps 128 hadi 64, kwa dakika 90 unaokoa MB 43. Katika faili la GB 1.9 hiyo ni kama asilimia 2. Yaani umeiharibu sauti nzima ya harusi ili uokoe kitu ambacho hakionekani. Na mtu atavumilia picha yenye ukungu, lakini sauti mbovu ataizima.

Cha kwanza kufa ni masafa ya juu. Kwa MP3 ya kbps 128, programu nyingi huanza kukata sauti zilizo juu ya hezi 16,000 hivi. Ukishuka zaidi, vigelegele vinageuka miluzi ya chini ya maji, njuga za tari zinasikika kama mchanga unaomwagwa kwenye bati, na "s" za msomaji zinaanza kufoka. Makofi ya ukumbi mzima ndiyo kipimo kizuri kuliko vyote: yakisikika kama mvua, umeshusha mno.

Kwenye sehemu ya "Audio" chagua AAC, kbps 128, stereo. Kama ni muziki wa taarabu kuanzia mwanzo hadi mwisho, toa 160 au 192.

Kwa maneno matupu hesabu inabadilika. Hotuba au darasa la saa moja, bila picha, halihitaji stereo wala kbps 128. Kwa kodeki ya Opus, mono, kbps 32, sauti ya mtu inatoka vizuri tu, na saa nzima ni MB 14.4. Kwa MP3 ya 128 ingekuwa MB 57.6. Hapo kubana kuna maana.

9. Bana faili zima, likague, litume

Rudisha kipande kiwe video nzima. Kwenye "Summary" weka alama kwenye "Web Optimized" ili video ianze kucheza kabla haijapakuliwa yote. Bonyeza "Start Encode", nenda kalale.

Asubuhi, kabla ya kutuma, ruka ruka: mwanzo, katikati, dakika ya mwisho. Sikiliza kwa hedifoni. Kisha kwenye WhatsApp itume kama waraka. Ukiichagua kama video ya kawaida, WhatsApp itaibana tena kwa kipimo chake, na usiku wako umepotea bure. Mwambie na mpokeaji kwamba ni GB 1.9, asije akafungua akiwa na bando la siku.

Ikigoma

Faili halikupungua, au limekuwa kubwa kuliko la mwanzo. Video ilikuwa imeshabanwa kabla hujaipata, au umeweka RF ndogo mno. Rudia hatua ya 2 ulinganishe bitireti. Na kubadilisha jina kutoka .mkv kuwa .mp4 hakupunguzi chochote, umebadilisha kasha tu.

Midomo na sauti haviendi pamoja, na inazidi kadiri video inavyosonga. Mara nyingi ni video ya simu, ambayo idadi ya fremu zake hupanda na kushuka. Kwenye "Video" chagua "Constant Framerate" ubane tena kutoka faili asili.

Kuna mistari kama meno ya chanuo kwenye mtu anayesogea. Hiyo haina uhusiano na bitireti, usiipandishe bure. Kamera yako ilirekodi kwa mtindo wa zamani wa nusu fremu. Nenda "Filters", washa "Deinterlace".

Giza lina ngazi ngazi hata baada ya kuongeza bitireti. Jaribu H.265 ya biti 10, ila hakikisha kwanza chombo cha mpokeaji kinaisoma.

Picha ipo, sauti hakuna, au kinyume chake, kwenye televisheni. Ni kodeki. Rudi H.264 na AAC. Kama flashi yenyewe inakataa kupokea faili, angalia kama umevuka ile GB 4 ya FAT32.

Sauti inafoka ingawa umeweka kbps 128. Ilikuwa imeshabanwa mara moja au mbili kabla yako, na kila kubana kunaongeza kovu juu ya kovu. Muulize mwenye kamera kama bado ana kadi yake. Kama ameshaifuta, chagua "Passthru" kwenye "Audio", sauti ipite kama ilivyo bila kuguswa tena.